Mvinyo wa Bei Nafuu na Ardhi Isiyoshikika

Huko Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, mna kishamba cha mizabibu kisichofika hata eka 5. Jina lake Romanée-Conti. Mwezi Oktoba 2018 chupa moja ya mvinyo wa shamba hilo, ya mavuno ya 1945, ilinadiwa mjini New York, ikachukuliwa kwa dola 558,000. Ukishuka kusini kidogo kwa gari wafika vijiji vya Mercurey na Givry, ambako zabibu ni ile ile, pinot noir, na wanaoikamua ni baba na wanawe, nao huuza chupa nzuri kwa euro 20 au 30.

Najua kwamba wengi wa wasomaji wa ukurasa huu kinywaji hiki ni haramu kwao, nami ni mmoja wao; basi sitamsifia mtu ladha nisiyoijua. Lakini vijana wetu wanaofanya kazi katika mahoteli ya Diani na Malindi huulizwa na wageni ipi ni nzuri na haiumizi mfuko, na nyuma ya swali hilo pana habari ya ardhi na mirathi ambayo mtu wa pwani hahitaji mkalimani kuielewa.

Kwanza, mzabibu huu ni mti mdekevu. Tunda lake lina ngozi nyembamba, vichala vimebanana kama ngumi, mvua ikizidi huoza. Tena huchipua mapema, hata baridi kali ya Aprili ikaja kuyakuta machipukizi yamekwisha kujitokeza, kama ilivyotokea mwaka 2021. Kwa hiyo urahisi wake una mpaka. Mwaka 2010 mahakama ya Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, iliwatia hatiani watu 12 kwa kuiuzia kampuni kubwa ya Marekani mvinyo ulioitwa pinot noir, kumbe sehemu kubwa ni zabibu za bei ya chini. Walijulikana kwa hesabu tu: walikuwa wameuza pinot noir nyingi kuliko iliyolimwa katika sehemu ile nzima! Na hata bila ya udanganyifu, sheria ya Marekani yaruhusu chupa kuandikwa jina la zabibu moja ilhali robo yake ni zabibu nyingine. Jimbo la Oregon ndilo lililojibana zaidi, likataka asilimia 90.

Sasa tuje kwenye ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1789 mashamba ya kanisa yalitaifishwa na kuuzwa, kisha sheria ya Napoleon ya 1804 ikawapa watoto wote mafungu sawa katika urithi. Shamba la Clos de Vougeot, lililozungushiwa ukuta na watawa wa Cîteaux tangu karne ya 14, lina hekta 50 hivi, na leo lina wenyewe wapatao 80. Sisi ambao tumeona ndugu wakipelekana kwa kadhi kwa ajili ya minazi mitatu tutalifahamu jambo hili upesi. Wenyewe wote hao hutumia jina moja la ukuta ule, mwangalifu na mzembe, na mnunuzi asiyejua hulipia ukuta. Ndiyo sababu wajuzi husema kwamba jina la mtu aliyeutengeneza mvinyo lina uzito kuliko jina la mahali, na kwamba mkulima hodari katika kijiji kisichovuma ni bora kuliko mvivu katika kijiji cha sifa.

Matajiri, kwa upande wao, wanataka ukuta. Mwaka 2014 kampuni ya LVMH ya Bernard Arnault ilinunua Clos des Lambrays. Mwaka 2017 familia ya François Pinault ikanunua Clos de Tart. Kufikia 2023 hekta moja ya mashamba ya daraja la juu kabisa katika sehemu hiyo ilikadiriwa, kwa wastani, kuwa zaidi ya euro milioni 7. Na kodi ya mirathi ya Ufaransa kwa watoto, ngazi yake ya juu, ni asilimia 45. Basi mtoto anayerithi mistari michache ya mizabibu huonekana tajiri kwenye karatasi za serikali, na mfukoni hana kitu ila anachopata kwa kuuza chupa. Mimi naona huu ndio msiba wenyewe: mtu kuuza shamba la babu kwa sababu shamba limekuwa ghali.

Wazee wetu walisema chema chajiuza. Katika biashara hii, naona chema kisicho na jina sharti kitembezwe. Bwana David Lett alipanda pinot noir huko Oregon katika miaka ya 1960, wengi wakimwona hana akili. Mwaka 1979 mvinyo wake ulishindanishwa mjini Paris na ule wa Bourgogne, ukafanya vizuri. Mfanyabiashara mashuhuri wa Bourgogne, Robert Drouhin, hakuridhika, akaitisha shindano jingine mwaka 1980, na ule wa Oregon ukashika nafasi ya pili. Mwaka 1987 Drouhin mwenyewe akanunua ardhi Oregon. Tangu hapo bei za huko nazo zimepanda, na mtafuta nafuu amehamia kwingine.

Wengine wamehamia Ujerumani, ambako zabibu hii huitwa Spätburgunder. Katika bonde la Ahr wakulima wa Mayschoß waliunda chama cha ushirika mwaka 1868, wakakamua pamoja. Usiku wa Julai 14, 2021, mto ulifurika, watu zaidi ya 130 wakafa bondeni humo, maghala yakajaa tope. Chupa zilizookolewa ziliuzwa vile vile bila kuoshwa, kwa wanunuzi wa karibu na mbali, na mchango ukapita euro milioni 4. Wengi wa wale wakulima wako mashambani mwao hadi leo, wakipogoa mizabibu kwenye majabali ambayo hayapandiki kwa trekta.