KARAKANA YA MWENDOKASI HAIKUPIGWA X!

Ndugu msomaji, wewe uliyekaa kijiweni Magomeni, Kigogo au Mchikichini, hebu niambie: hivi ile rangi nyekundu ya X ina macho? Maana ikishuka Bonde la Msimbazi inaijua nyumba ya mlalahoi hata ikiwa imejificha nyuma ya migomba. Lakini ikikutana na karakana ya serikali iliyojaa mabasi, inapita kama haikuiona!

Wala sisemi watu wakae mtoni. Maji hayana kadi ya chama. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unatembea kama kilometa 35, unabeba mchanga na takataka za jiji zima na kuja kuzibwaga Jangwani kabla ya kuingia baharini pale Salenda. Hilo si siri. Mashabiki wa Simba wanawaita Yanga vyura kwa sababu ya maji ya Jangwani. Sasa kama mtu wa kijiweni analijua hilo kiasi cha kulifanyia utani, mwenye digrii yake ukutani alikosaje kulijua?

Tuzikumbuke tarehe, maana wakubwa wanapenda tusahau. Desemba 2011 mvua ilipiga Dar es Salaam ikaua watu wasiopungua 40. Walionusurika wakapelekwa Mabwepande, wengine wakarudi bondeni, kwa sababu tumbo lao liko Kariakoo na nauli ya kila siku haiokotwi. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Vijana wa vyuo vikuu, pamoja na wakazi wenyewe, wakazunguka mitaani kuchora kila nyumba, kila mtaro, kila kalavati. Waliuliza wenyeji maji yalifika wapi: gotini, kiunoni, kifuani? Ndege ndogo zisizo na rubani zikapiga picha kutoka juu. Kazi safi kabisa, naivulia kofia.

Desemba ya mwaka huohuo matingatinga yakaingia Kinondoni Mkwajuni. Nyumba chini, vitanda nje, watoto juani. Sheria ya Mazingira ya 2004 ikanukuliwa, ile ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sawa, sheria ni sheria. Lakini Mei 2016, miezi mitano tu baadaye, mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi. Yakawa yanalala wapi? Jangwani! Bonde lilelile, mto uleule! Mvua zikashuka, karakana ikafurika zaidi ya mara moja, mabasi yakaharibika, na Barabara ya Morogoro ikawa inafungwa wewe ukiwa umekwama Magomeni na suruali umeikunja.

Kulikoni? Ramani ni moja, ila ina wasomaji wa aina mbili. Ikisomwa kwa mlalahoi inasema "bomoa". Ikisomwa kwa mradi wa mabilioni inasema "tutainua tuta kidogo".

Na wakubwa hupenda kutupiga changa la macho kwa maneno ya kitaalamu. Utasikia "haya ni mafuriko ya mara moja katika miaka 50", nawe unapumua, unadhani ukishafurikiwa leo umemaliza zamu yako hadi uzeeni. Si hivyo! Wataalamu wanachukua kumbukumbu za mvua, wanachukua miinuko ya ardhi na upana wa mitaro, wanaiambia kompyuta ikokotoe maji yatafika wapi. Wakisema miaka 50, maana yake kila mwaka, mwaka huu na mwakani pia, kuna nafasi 2 kati ya 100 za maji hayo kuja. Ukipanga chumba hapo miaka 10, nafasi ya kukutana nayo inakaribia 18 kati ya 100. Hesabu hii hata sisi tulioishia Kidato cha Nne tunaipata kwa kalamu na karatasi. Tena hesabu hiyo ni ya mvua za zamani na jiji la zamani. Huko juu mlima ukikatwa miti, mchanga ukijaza mto, na kila kiwanja kikimwagwa zege, maji yaleyale yanapanda zaidi. Ramani isiyorudiwa inageuka picha ya ukutani.

Sasa njoo kwenye fedha. Awamu ya kwanza ya mwendokasi ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwaka 2022 benki hiyohiyo ikaidhinisha mkopo mwingine, dola za Marekani milioni 200, kwa Bonde la Msimbazi. Humo kuna daraja jipya la Jangwani, na kuna kuihamishia karakana Ubungo! Umeelewa, kijana? Tulikopa kuipeleka majini, tukakopa tena kuitoa. Deni hilo hawalipi waliochagua kiwanja. Unalilipa wewe kwenye vocha, sukari na nauli.

Kingine ambacho ramani ya angani haikioni ni wewe mwenyewe. Ndege inaona paa. Chini ya paa moja la nyumba ya Kiswahili kuna vyumba sita, na kila chumba kina familia yake au masela watatu waliochangia kodi. Zikianza habari za kuhama na kulipana, anatafutwa mwenye paa. Mpangaji anabaki na godoro lililolowa. Kama kweli mnapanga kwa hesabu za hatari, mhesabuni na huyu.

Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za El Nino zimeua watu 155 nchini. Hao hawakufa kwa kukosa ramani.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa ramani ni mambo ya wataalamu. Za Ramani Huria zimewekwa wazi kwenye OpenStreetMap, hata simu yako ya mkononi inazifungua. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, acha bao, nenda. Mwambie mwenyekiti abandike ramani ya mafuriko kwenye ukuta wa ofisi, pale anapobandika matangazo ya michango. Muulize mtaro upi utazibuliwa kabla ya masika, na nani atagonga milango usiku maji yakija. Halafu muulize ni jengo gani la mkubwa liko ndani ya mstari ule, na rangi nyekundu italifikia lini.