Bango la Ebola si takataka

Kuanzia Mpondwe hadi Katunguru, hapa Uganda, kuna mazoea yanayotukera. Bango la karatasi likichanika hupigwa selotepu, likichakaa huchomwa na taka, na likipendwa sana hupelekwa kulaminetiwa. Njia zote tatu huliua. Zinapishana kasi tu.

Atakayeona tunahangaikia makaratasi na akumbuke hospitali ya Bwera. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini, Kongo, Agosti 2018, upande wetu wa mpaka ulibandikwa mabango ya dalili, ya kunawa mikono, ya namba za kupiga. Tarehe 11 Juni 2019 mgonjwa wa kwanza akathibitishwa Uganda, mtoto wa miaka 5 aliyevuka na jamaa zake kutoka Kongo. Alilazwa Bwera, akafia huko. Leo mtu akitaka kujua wananchi waliambiwa nini majuma yale, kwa lugha gani na kwa mchoro upi, aende kuuliza wapi? Kwa mabango yetu ya UKIMWI ya zamani jibu lipo, nalo linaaibisha kidogo: aende London, kwenye hazina ya kumbukumbu za tiba ya Wellcome. Na huko Rochester, Marekani, daktari Edward Atwater alianza kukusanya mabango ya UKIMWI ya dunia nzima yapata mwaka 1990, na mkusanyo wake ukapita 8,000. Hatuwalaumu. Waliokota tulichotupa.

Turudi kwenye selotepu. Gundi yake hainati juu ya karatasi tu, huzama ndani. Baada ya miaka michache plastiki hubanduka yenyewe na kuacha mstari wa kahawia usiotoka, wino nao umekwisha kuchafuka. Kulamineti ni kubaya zaidi, kwa kuwa plastiki iliyoyeyushwa kwa joto haibanduki bila kuichuna karatasi. Na karatasi ya bei nafuu ina adui ndani yake: tindikali inayoifanya iwe manjano na kuvunjika kwenye mikunjo. Jua la Katunguru, karibu na mstari wa Ikweta, pamoja na unyevu wa Mfereji wa Kazinga, huiharakisha kazi hiyo.

Kuziba mpasuko vizuri si uchawi. Piga picha kwanza. Futa vumbi kwa brashi laini, kutoka katikati kwenda pembeni. Gusa wino pembeni kwa pamba yenye unyevu kidogo. Wino ukitoka, maji yasikaribie hapo. Kisha pindua bango, uzibe kwa nyuma kwa kipande cha karatasi nyembamba ya Kijapani, kilichochanwa kwa mkono, si kukatwa kwa mkasi, ili nyuzi za ukingo zishike bila kuacha alama. Gundi ni wanga wa ngano uliopikwa na kuchujwa. Unga wa chapati usitumike. Protini yake huita wadudu, na mende wa stoo za serikali hawahitaji mwaliko. Weka kitu kizito juu, uache likauke. Gundi hii siku moja italainishwa kwa maji na kubanduliwa, na hapo ndipo inapoishinda selotepu.

Maji ni habari nyingine. Mto Nyamwamba ulifurika ukaikumba hospitali ya Kilembe Mei 2013, ukarudi Mei 2020. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili hivi. Karatasi zilizogandamana usizibandue kwa nguvu, wala usizianike juani. Zitandazwe kivulini penye upepo. Zikizidi uwezo, zifungwe kwenye plastiki na kugandishwa, ukungu usimame mpaka apatikane wa kuzishughulikia. Mwenye friza ya samaki atavumilia.

Ombi letu kwa ofisi ya afya ya wilaya ya Kasese ni dogo. Kila bango jipya likiletwa, nakala mbili safi zitengwe siku hiyohiyo, ziandikwe nyuma kwa penseli tarehe na mahali, zilazwe kwenye folda badala ya kuviringishwa na kurushwa juu ya kabati. Moja ibaki Kasese. Nyingine ipelekwe Fort Portal, Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, ambacho tayari kinatunza nyaraka za wilaya ya Kabarole. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka za taifa tunayo tangu 2001. Wanaokosekana ni karani mmoja mwenye penseli na mkubwa wake atakayemwambia kwamba hiyo nayo ni kazi.