Mpe mwanafunzi betri kabla ya mchoro

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu nizungumzie kitu kilicho chini ya programu zote: umeme unaozunguka. Hilo neno "unaozunguka" ndilo tunalolificha, kwa maoni yangu, tunapofundisha sakiti shuleni.

Fungua daftari la fizikia la mwanafunzi wa sekondari. Mchoro ni safi kabisa. Mstari mrefu na mfupi, hiyo ni seli. Duara lenye msalaba ndani ni balbu. Swichi iko pale, ammita na voltimita pia. Sasa mpe jiwe moja la tochi, balbu ndogo na kipande kimoja cha waya, umwambie awashe taa. Wengi wataunganisha waya kutoka kwa jiwe hadi kwenye kitako cha balbu kisha wangoje, kama mtu aliyefungulia mfereji wa maji. Haiwaki.

Msiwacheke. Mwaka 1997 kulitoka filamu ya Marekani iitwayo Minds of Our Own, ambamo wahitimu wa vyuo vikubwa kama MIT walipewa betri, balbu na waya siku ya mahafali yao. Baadhi yao walishindwa, wakiwa bado na majoho mabegani!

Shida ni kwamba mwanafunzi anadhani umeme unatoka kwa betri, unafika kwa balbu, unaliwa, basi. Mchoro hauwezi kumtoa hapo kwa sababu duara limeshachorewa waya mbili. Balbu halisi haina waya wa kuonekana. Sharti aishike, aigeuze, agundue kwamba ina sehemu mbili za kugusa: kitone cha chini na lile bati la pembeni. Akikalisha kitone juu ya jiwe, kisha waya utoke upande wa pili wa jiwe mpaka kwenye bati, taa inawaka. Halafu mpe ammita aiweke kabla ya balbu, na baadaye upande wa pili. Namba ni ile ile. Mkondo haupungui njiani. Kinachobaki kwenye balbu ni nishati, inayogeuka joto na mwanga.

Halafu kuna jambo ambalo sijui kwa nini walimu hawalitumii: mawe yanayoanikwa juani. Nani hajaona? Redio inafifia, mawe yanatolewa yanaota jua, na jioni taarifa ya habari inasikika tena. Si miujiza. Jiwe lililochoka ukilipima bila kuliunganisha na kitu laweza kuonyesha volti 1.3, lakini ukilipa kazi linalegea, kwa sababu ukinzani wa ndani ya jiwe lenyewe umepanda na unakula volti kabla hazijatoka nje. Joto huharakisha kemia iliyomo na kupunguza ukinzani huo kwa muda. Huu ndio ukinzani wa ndani ambao KCSE huuliza kwa grafu na mlinganyo. Mtoto amekuwa akiuona kwenye paa la nyumba yao tangu utotoni na hakuna aliyemwambia kwamba ndio huo.

Nitaambiwa shule hazina vifaa. Maabara kamili, sawa, ni ghali. Lakini redio mbovu haikosekani kijijini, na ndani yake mna rezista, kapasita, dayodi na transista za kulehemua. Walio Nairobi wana Luthuli Avenue, ambako rezista moja huuzwa kwa shilingi chache. Na kwa volti 1.5 mwanafunzi anaweza kukosea mara ishirini bila kuumia, jambo ambalo sisi wa kompyuta tunalijua vizuri: programu ikikataa, unajaribu tena.

Mbona nalishupalia? Kwa sababu ya fyuzi. Plagi zetu za miguu mitatu mara nyingi huja na fyuzi ya ampia 13, ambayo kwa volti 240 ni zaidi ya wati 3,000. Redio haihitaji hata ampia moja. Fyuzi ikiungua, kuna watu wanaoizungushia karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, na kifaa kinafanya kazi kama kawaida. Kikipiga shoti siku moja, kitakachoyeyuka kwanza si ile karatasi. Ni waya wa kifaa chenyewe, uliopita nyuma ya pazia au chini ya godoro. Mtu aliyefaulu fizikia kwa kuchora anaweza kufanya hivyo bila wasiwasi. Aliyewahi kuwasha balbu kwa mkono wake, akaona unyuzi mwembamba wa sufu ya chuma ya kusugulia sufuria ukiwaka mwekundu na kukatika kati ya mawe mawili, nadhani atasita.

Kwa mwalimu atakayejaribu: tumia mawe tu, kamwe si umeme wa ukutani. Na televisheni za zamani zenye kioo kinene msizifungue, kapasita zake huweza kukaa na chaji hata baada ya kuchomolewa.