Mtego wa hatua saba

Wasomaji wangu, leo tuache kodi kidogo tuongee sataranji, ingawa mtaona ni yale yale.

Kuna ufunguzi ambao vijana wa huku kwetu Kalama wanaupenda sana wakienda mashindanoni. Nyeupe anaanza e4, Nyeusi anajibu e5. Farasi wa Nyeupe f3, farasi wa Nyeusi c6. Askofu wa Nyeupe c4. Hapo Nyeusi anarusha farasi wake d4 na kumwacha askari wa e5 bila mlinzi. Nyeupe akishikwa na tamaa amle kwa farasi, malkia wa Nyeusi anatoka g5, anatishia farasi huyo na g2 kwa mpigo mmoja. Farasi akila f7, malkia anakula g2. Ngome inakimbilia f1, malkia anakula e4 na kumtishia mfalme, askofu anarudi e2 kuziba. Farasi f3, mfalme hana pa kutokea. Hatua saba tu!

Je, huo ni ujuzi? Mimi nasema hapana. Ni sawa na kunakili kodi ya mtu mtandaoni bila kujua inavyofanya kazi. Nyeupe akiachana na e5, amle tu yule farasi wa d4, mtego umekwisha. Nyeusi atamla kwa askari, lakini atabaki na askari wawili mstari mmoja na kete zake zote bado nyumbani.

Na huwezi kukariri kila kitu. Kila upande ukicheza mara moja, kuna njia 400. Mkicheza mara mbili mbili, zinafika 197,281.

Utaniambia hata kompyuta hukariri. Kweli, mwaka 1997 Deep Blue ilitoa farasi sadaka mbele ya Kasparov kwa hatua iliyowekwa tayari katika kitabu chake cha ufunguzi, naye akasalimu amri baada ya hatua 19. Lakini nyuma ya kitabu kile kulikuwa na mashine inayopima mamilioni ya hali kwa sekunde. Kijana aliyekariri mtego hana kitu nyuma yake. Siku akikutana na mpinzani anayejua, atapigwa, na wengi huacha mchezo hapo hapo.

Ushauri wangu: shika katikati ya ubao, toa farasi na maaskofu mapema, ficha mfalme. Ukimaliza mchezo, upitie na Stockfish, ni ya bure, na uulize kwa nini.

Mnaonaje wenzangu?