Pensheni ni Deni, si Hisani

Ndugu Waislamu, kila malipo ya wastaafu yanapotajwa katika hotuba za wakubwa husikika neno moja: kwamba Serikali imewajali wazee. Neno hilo tunalipinga. Hujaliwa anayepewa hisani. Ama mstaafu, yeye analipwa ujira wake, sehemu iliyozuiliwa kwa makubaliano ikawekwa amana mpaka nguvu zake zitakapokwisha. Na mwenye uwezo wa kulipa deni akilichelewesha, sharia yetu inaiita hiyo dhulma.

Sisi wakazi wa Akheri na vitongoji vya Mlima Meru hatuhitaji kutafuta ushahidi mbali. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 yalikuwa mjini Arusha. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wake wa reli, bandari, posta na simu, na shirika la ndege walibaki na madai yao mikononi. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini hapo hapo Arusha mwezi Mei 1984, na kila nchi ikabeba jukumu la kuwalipa raia wake. Pamoja na hayo, wazee wa Tanzania walilazimika kufungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, na maafikiano yakapatikana Septemba 2005. Hebu tuhesabu. Aliyekuwa na umri wa miaka 45 Jumuiya ilipokufa, alikuwa na miaka 73 siku ya maafikiano. Wangapi walikuwa wamekwisha kuzikwa? Hata baada ya hapo wako waliolalamika kwamba haki yao haikutimia, na nchi nzima ikashuhudia wazee wenye mikongojo wakikaa barabarani jijini Dar es Salaam.

Huenda mtu akasema hayo yamepita. Hayakupita, yamebadili vazi tu. Mfuko wa PSPF ulipoanza mwaka 1999, watumishi waliokuwa kazini kabla yake walihesabiwa utumishi wao wote ilhali hawakuwa wamechangia, na Serikali ikabeba dhima ya kuufidia mfuko. Miaka ikapita bila fidia hiyo kutimizwa, mfuko ukawa unawalipa wazee kwa michango ya vijana. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi ikaunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikashusha mkupuo wa waliokuwa wakipata asilimia 50 hadi asilimia 25. Walimu na wauguzi wakapiga kelele, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40.

Ni kweli kwamba mkupuo ukipungua malipo ya kila mwezi huongezeka, wala hatuikatai hesabu hiyo. Tunauliza jambo jingine: nani aliyeutoboa mfuko? Serikali yenyewe ilijibu ilipoukabidhi PSSSF, kwa ajili ya deni hilo la kabla ya 1999, hatifungani isiyo taslimu ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Mdaiwa amekiri. Basi kwa nini aliyekatwa mshahara wake kila mwezi bila kukosa ndiye aambiwe afunge mkanda?

Imepokewa kwamba Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba mlangoni kwa watu. Hakumtaka barua ya ajira. Alimshika mkono, akampa alichokuwa nacho nyumbani, kisha akamwagiza mtunza Baytul-Mal amwandikie fungu lake, kwani si uadilifu kumtumia mtu ujanani na kumtupa uzeeni. Leo kwetu mzee hupanda gari asubuhi kwenda mjini kuhakikiwa kwamba yu hai, na karatasi moja ikikosekana hurudishwa mlimani. Mwajiri aliyemwajiri ndiye mwenye jalada lake, lakini anayeambiwa alitafute ni mzee!

Tunachodai ni chepesi. Jalada litafutwe na ofisi iliyolifungua. Mgonjwa na asiyeweza kutembea ahakikiwe nyumbani kwake. Na kila siku inayozidi tarehe ya malipo ihesabiwe kuwa ni deni juu ya aliyechelewesha, kama vile mwajiri binafsi anavyotozwa adhabu anapochelewesha michango.