MAJI YA BOMBA: NANI ALIPE, NA NANI ASHIKE VITABU?

Ndugu Wafanyakazi,

Hapa Mogogosiek mvua haituonei choyo. Chai inastawi kwa mvua hiyo, na mito inateremka kutoka msitu wa Mau usiku na mchana. Lakini mvua si maji ya nyumbani. Maji ya nyumbani yanataka chanzo kilichohifadhiwa, tangi, mabomba, dawa, na fundi wa kuziba panapovuja. Yote hayo ni fedha.

Mwaka 1974 Serikali ilitangaza mpango wa kuwapa watu wote maji ifikapo mwaka 2000. Mwaka ulifika, bomba halikufika kwa wote. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikasema maji safi ni haki ya kila mtu, na kazi ya kuyaleta ikapewa kaunti. Sheria ya Maji ya 2016 ikaongeza kwamba watu wasinyimwe huduma kwa sababu tu haina faida ya biashara. Maneno ni mazuri, lakini hayajazi mtungi.

Wengine husema: kopeni. Kukopa si dhambi. Huko Marekani wenyeji huunda chombo chao cha maji, hukopa kwa hati za deni, na hulipa kidogo kidogo kwa ankara zao. Hapa Kenya, kuanzia 2007, benki ya K-Rep ilikopesha miradi ya maji ya vijiji. Katika kila shilingi 100 za mradi, wenyeji walitoa 20, na benki ikakopesha hadi 80. Maji yakiisha kutoka kama ilivyopatanwa, msaada wa wafadhili ulipunguza deni kwa karibu 40. Iliyobaki ililipwa na wanywaji wa maji. Angalieni jambo moja hapo: msaada ulikuja baada ya kazi, si kabla.

Sasa tazameni mfano wa pili. Bwawa la Itare, kule Kuresoi, lilianza kujengwa 2017 kwa mkopo wa nje, ili maji yaende Nakuru. Watu wanaoishi chini ya mto walilalamika kwamba wao watabaki na nini. Mwishoni mwa 2018 mkandarasi, CMC di Ravenna ya Italia, aliingia katika matatizo ya fedha, na kazi ikasimama. Kazi husimama, lakini deni halisimami.

Kwa hiyo, ndugu, msimamo wetu ni huu:

1. Mfanyakazi anayekaa katika nyumba ya kampuni asitozwe mradi wowote ili apate maji ya kunywa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 32, inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha kazini na karibu na nyumba alizowapa wafanyakazi. Huo si wema wake, ni wajibu wake.

2. Aliye na shamba lake na bomba lake alipe anachotumia, kwa mita. Bei ipitie kwa halmashauri ya taifa inayosimamia huduma za maji, isipangwe chini ya mti na watu watatu.

3. Senti moja isikatwe katika mshahara au katika malipo ya majani bila mwenyewe kukubali kwa sahihi yake.

4. Kamati ya maji ichaguliwe, akina mama wawemo, maana wao ndio wanaobeba mitungi mlimani. Hesabu zisomwe mbele ya watu.

5. Mkandarasi alipwe kwa kazi iliyoonekana.

Wako watakaosema chama cha wafanyakazi kishughulike na mishahara tu. Tunawajibu: saa mbili za kwenda mtoni ni saa mbili za kazi isiyolipwa, na homa ya matumbo hula mshahara kabla haujafika mfukoni. Maji ni sehemu ya mshahara.

Mkutano wa maji ukiitwa, nendeni. Ulizeni deni ni kiasi gani, la miaka mingapi, na nani ametia sahihi. Asiyeuliza leo atalipa kesho bila kujua analipia nini.

Umoja ni nguvu.