Waje Lini Wajukuu wa Kericho?

Kila ifikapo Oktoba, wakulima wadogo wa chai wanapolipwa bonasi, jamaa zetu wa Kericho na Bomet hutuuliza: tuwalete lini watoto kwa nyanya zao? Wengi hukata shauri la Desemba. Hatuwaungi mkono. Nauli hupanda, mabasi hujaa, na joto la kaskazi huwaelemea watoto waliozoea baridi ya vilima vya takriban mita 2,000. Nyanya naye, aliyengoja mwaka mzima kukaa na wajukuu, hushinda jikoni akiihudumia nyumba iliyofurika wageni. Huko ndiko kuunga udugu?

Aprili ni vibaya zaidi: mtoto ameikimbia mvua ya Kericho, aja kufungiwa ndani na masika ya Mombasa.

Agosti ina baraka zake. Hewa ni ya wastani, ila kusi huichafua bahari na kuleta mwani ufukweni. Wadogo hawafaidi kuogelea. Lakini Maulidi hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka, na miaka hii yameikaribia likizo hiyo. Mtoto akiyaona ya Lamu, hayasahau.

Anayetaka bahari aje Novemba, mara shule zifungwapo. Vuli hunyesha, naam, lakini haidumu kama masika; kusi limeshatulia, nauli haijapanda, na fedha za bonasi hazijesha. Mama atangulie na watoto. Baba, chai ikimzuia, awafuate. Na nyanya apigiwe simu kabla ya tiketi kukatwa.